Sura ya Jirani Kwenye Vidole Vyangu

Nianze na waliokuwepo, mtu asije akasema nimemwacha kwa makusudi. Nilikuwepo mimi, mjane wa Kasingirima, mzaliwa wa Kalinzi kwenye mashamba ya kahawa. Alikuwepo jirani yangu, mwanamke ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa zamani, upande wa Kongo. Tulitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali na tulikuwa tukisukana nywele. Alikuwepo mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, naye ni mtoto wa hao hao watu wa ng'ambo, kijana aliyesomea kompyuta. Alikuwepo mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mkubwa wa mkwe wangu kazini, ambaye hakuwa na undugu na yeyote kati yetu, na labda ndiyo maana yeye peke yake hakuona haya. Binti yangu hakuwepo pale. Alikuwa nyumbani na mimba kubwa. Lakini bila maneno yake nisingerudi kule, kwa hiyo namhesabu.

Majina yao yote ninayo. Hata la mlinzi wa getini ninalo, na la baba yake. Shule niliishia darasa la pili, sikuwa na pengine pa kuweka majina ya watu isipokuwa kichwani, na humo yamekaa. Siyataji hapa kwa sababu jambo lenyewe ni la aibu, na aibu ni yangu. Sitaki jina la mtu lisomwe karibu nayo.

Kwetu milimani, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Simaanishi wamekosana, la. Ni heshima. Akija nyumbani anakohoa nje ili mimi niingie ndani, na salamu yake naijibu nikiwa nyuma ya mlango. Tukikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani, mwingine anavuta kitenge usoni, tunapishana. Hatupeani mikono, na hawezi kuniona nikitafuna chakula. Watu wa kwao mkwe wangu hawana mambo hayo. Kwao mkwe anakaa jikoni na mama mkwe wake, wanachambua dagaa pamoja na kutaniana. Lakini binti yangu alimfundisha desturi ya kwetu kabla ya ndoa, na kijana wa watu aliishika kuliko hata sisi wenyewe. Siku moja aliniona natokea sokoni Ujiji na beseni kichwani, akateremka mtaroni na viatu vyake vya ofisini, maji hadi kwenye soksi. Wauza nyanya walicheka mpaka wakaketi.

"Mama, mkweo anaoga!"

"Mwacheni," nikasema. "Huyo ana adabu."

Nilijivunia. Nilijua hakuna mwanamke wa Kasingirima aliyepata mkwe wa kumheshimu namna ile.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Mji ulijaa. Watu walivuka ziwa kwa mitumbwi na boti, wengine walifika kwa miguu kutoka Burundi, na magari makubwa yaliwachukua kwenda kambini. Walipewa kadi za karatasi za chakula. Kadi zikalowa, zikachanika, nyingine zikaibwa, na mama mwenye watoto akasimama kwenye foleni akiambiwa kwamba yeye si yeye. Basi shirika moja likaamua kuleta mashine ya kutunza sura za watu na alama za vidole vyao, ili mtu akipoteza karatasi, mwili wake umshuhudie. Mkwe wangu aliajiriwa kwenye kazi hiyo. Walipewa ghala kuukuu karibu na reli mjini Kigoma, wakaweka meza na nyaya, na jenereta nje.

Habari za mashine nilizipata kwa binti yangu, maana yeye ndiye aliyezungumza na mume wake. Alinieleza hivi, tukiwa tunakamua mawese. Ndani ya mashine kuna kitu kama kabati lenye vijisanduku vilivyopangwa kwa mistari. Kila mtu ana mstari wake. Kwenye kijisanduku cha kwanza linaingia jina, cha pili kijiji, cha tatu sura, cha nne vidole. Jina na kijiji ni maneno, hayana taabu. Lakini sura si maneno. Mashine inaivunja vipandevipande, moja na sifuri, moja na sifuri, mpaka inakuwa mlolongo mrefu usiosomeka na binadamu, halafu inaulaza huo mlolongo kwenye kijisanduku chake. Kazi ya mkwe wangu ilikuwa kuandika maagizo ya kuweka na kutoa, na kuhakikisha kinachotoka ni kile kile kilichoingia, isipotee hata sifuri moja.

"Sasa anahakikishaje?" nikauliza.

"Anajaribu. Anaweka, anatoa, analinganisha. Juzi alifunika kamera na kitambaa akapiga picha ya giza tupu."

"Giza la nini?"

"Anasema giza kwenye mashine ni sifuri peke yake. Alitaka kuona kama mashine itadhani hakuna kilichowekwa. Maana kijisanduku kisichowekwa kitu na kijisanduku kilichowekwa giza si kimoja, Mama. Cha kwanza mtu hajapigwa picha. Cha pili amepigwa, ila haonekani."

Nilicheka wakati ule. Nikamwambia mumeo analipwa kwa kupiga picha giza.

Baadaye wakataka mikono. Vidole walivyokuwa wamejaribu ni vya vijana wa ofisini, vidole laini vya kushika kalamu, na mashine ilivisoma bila shida. Yule mama wa Dar es Salaam akasema wanaokuja si watu wa kalamu, ni watu wa jembe na nyavu, tuleteeni vidole vilivyofanya kazi. Akamtuma mtu sokoni kuita wanawake. Mimi na jirani tukajitolea. Mikono yangu ilikuwa ya mawese na sabuni ya magadi, yake ilikuwa ya kupaa samaki. Nilitaka kuisaidia kazi ya mkwe wangu bila yeye kujua, kwa mbali, kama inavyofaa. Nilidhani yeye anakaa chumba cha ndani na nyaya zake.

Tulipofika tukapewa kila mmoja kibao chenye namba. Mama wa Dar es Salaam akanishika mkono na kubonyeza vidole vyangu kwenye kijidude chenye kioo, kimoja kimoja.

"Mama yangu, hivi vidole vimelika! Umevipeleka wapi?"

"Kwenye sufuria."

Akacheka, akabonyeza kwa nguvu zaidi, mpaka mashine ikakubali. Jina langu likaandikwa. Kisha akanielekeza pembeni, palipotundikwa shuka jeupe na kuwekwa kigoda. "Kaa pale, vua kitenge kichwani, tazama kamera bila kupepesa."

Nyuma ya kamera alikuwa amesimama mkwe wangu.

Hakuwa ameniona bado, alikuwa ameinamia kompyuta yake. Nivue kitenge, nimkazie macho mume wa mwanangu, naye anikazie macho kupitia kile kidude, mbele ya watu! Nilisimama nyuma ya nguzo kama mwizi wa kuku. Jirani yangu alikuwa ameshapigwa picha yake na anakunywa chai. Akaja.

"Una nini wewe?"

"Mkwe."

Akamtazama tena kijana aliyempiga picha. Akaelewa mara moja, ingawa kwao hawana desturi hiyo. "Lete hicho kibao."

"Wewe umeshapigwa."

"Nitapigwa tena. Uso wangu hauishi."

Akajifunga kitenge changu mabegani, akachukua kibao changu, akaenda kukaa. Mkwe wangu akasoma namba ya kibao, akatazama kompyuta, akaona jina lililotokea. Jina la mama mkwe wake. Nilimwona alivyoshtuka. Hakuinua kichwa tena. Alitazama viatu vyake, mkono mmoja ukapapasa kamera, akapiga picha akiwa ameinama vile vile.

"Ahsante sana, mama," akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliye kwa wakwe zake.

Jirani yangu alibana mdomo mpaka tulipofika njia panda ya kituo, ndipo akaangua kicheko akashika mti. Na mimi nikacheka. Tuliona tumeiponya heshima ya watu wawili.

Baada ya siku chache tuliitwa tena wote, sisi wa sokoni. Safari hii jaribio lilikuwa kinyume: mtu anaweka kidole, mashine inatafuta mstari wake na kutoa sura yake, na wote wanaona kwenye kioo kikubwa cha kompyuta. Mkwe wangu alikuwa amekaa mbele, mgongo kwetu. Nilivuta kitenge nikasimama upande. Jirani akaweka kidole, ikatoka sura yake. Wanawake wakapiga makofi. Nikaitwa. Nikaweka kidole changu.

Ikatoka sura yake tena. Jirani yangu, na kitenge changu mabegani, akitabasamu.

"Mawe we!" mtu akasema nyuma. Wengine wakacheka. Mama wa Dar es Salaam hakucheka.

"Mama, huyu ni wewe?"

"Siyo mimi," nikasema. Na kweli siyo mimi. Mungu anisamehe jinsi nilivyolisema haraka.

Akamgeukia mkwe wangu. "Umeona? Picha moja imekaa kwenye mistari miwili. Maagizo yako yanachanganya watu. Leo ni wauza samaki, kesho ni mtoto anapewa mama asiye wake. Unajua hiyo maana yake nini kambini?"

Mkwe wangu alitazama kioo. Alikuwa anamjua jirani yangu vizuri tangu utotoni, wote ni watoto wa watu wa ng'ambo, na kitenge kile alikijua pia kwa sababu yeye ndiye aliyeninunulia siku ya mahari. Niliona mabega yake yakishuka. Hakugeuka.

"Kosa litakuwa langu," akasema. "Nitalitafuta."

Jirani akanifinya. "Sema."

"Niseme nini mbele yake?"

"Sema wewe mwanamke!"

Sikusema. Tulirudi Kasingirima kwa miguu, yeye mbele na mimi nyuma, na safari ile hakuna aliyecheka.

Nilijiambia watalitafuta kosa, hawataliona, wataacha. Sikujua kazi za watu wale. Hawaachi. Mama wa Dar es Salaam alifumua yote. Akaweka picha, akatoa, ikawa sawa. Akaweka picha kubwa, ndogo, akaweka giza, akaweka kijisanduku kitupu, yote sawa. Akaweka picha za wale wale vijana wa ofisi mara nyingi, hazikuchanganyika. Na kadiri kosa lilivyozidi kutoonekana, ndivyo alivyozidi kumshuku aliyeandika maagizo. Kosa linalojificha, alisema, ni baya kuliko linaloonekana. Wakimbizi walikuwa wanangoja, magari yalikuwa yamepangiwa siku ya kuwaleta, na aliapa hataweka mtu hata mmoja kwenye mashine asiyoiamini.

Binti yangu alikuja asubuhi, amevimba miguu, akakaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Mama, wanamwondoa. Wanaleta mtu mwingine kutoka Dar es Salaam. Yeye wanamwambia arudi nyumbani."

Nikaendelea kukoroga sabuni.

"Hali chakula, Mama. Amekaa anatazama ukuta. Nikamuuliza, hujaliona kosa? Akasema ameliona siku ile ile. Nikamwambia sasa si uwaambie? Akasema haliwezi kutoka kinywani mwake, kwa sababu si la kompyuta." Akanitazama. "Ni la nani, Mama?"

Mwiko ukanitoka mkononi. Nikamweleza. Nilianza na kibao, nikaenda mpaka kidole. Nilitazamia atacheka kama alivyocheka jirani, lakini alilia, kisha akakasirika, mtoto niliyemzaa.

"Kwa hiyo anajua umemdanganya, na anaogopa kusema mbele za watu kwamba mama mkwe wake amemdanganya. Na wewe unaogopa kusema mbele yake. Mnaheshimiana mpaka mwanangu azaliwe kwenye njaa!"

"Mwanangu, nitamvulia kitenge mkwe?"

"Vua! Mimi ndiye mke wake, mimi nimekuruhusu."

Hakuna mtoto aliyewahi kuniambia hivyo. Nikanawa mikono.

Tulikwenda ghalani, mimi na jirani. Nilimwomba mama wa Dar es Salaam tuongee pembeni, na alikubali, tukasimama karibu na jenereta. Lakini kwa sababu ya kelele za jenereta alipaza sauti, na lilipozimika ghafla, alikuwa bado anapaza.

"YAANI PICHA SI YAKO? ULIMPA MWENZIO AKAKAA BADALA YAKO?"

Ghala zima likageuka. Vijana wa ofisi, fundi wa nyaya, mlinzi. Na mkwe wangu mezani, ambaye yeye peke yake hakugeuka.

"Ndiyo," nikasema.

"Kwa nini, mama yangu? Nimekosa usingizi! Nimemtukana kijana wa watu!"

Jirani akanijibia. "Huyo kijana ni mkwe wake. Kwao hawatazamani."

Mama wa Dar es Salaam akaweka mikono kichwani. Nadhani alitaka kucheka na kulia pamoja. Kisha kazi ikamrudia. Alisema samahani, lakini maneno matupu hayamtoshi, lazima jaribio lirudiwe, vidole vile vile na uso wenyewe, ndipo aamini kwamba mashine haikosei. Akashika kamera yeye mwenyewe.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikavua kitenge. Nywele hazikuwa zimesukwa, na nilikuwa na moshi wa sabuni usoni. Mwanga ukanimulika. Mkwe wangu alikuwa amesimama ili atoke nje.

"Unakwenda wapi? Wewe ndiye unayeliendesha," akaambiwa.

"Nitaliendesha bila kutazama," akasema.

"Utalinganishaje picha bila kuitazama?"

Hapo alisema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. Alisema mashine yenyewe haioni sura. Inashika moja na sifuri, inazilaza, inazirudisha, na akitaka kujua kama zimerudi zote analinganisha zilizoingia na zilizotoka tarakimu kwa tarakimu, na jibu linakuja kwa neno moja. Hakuna haja ya mtu kumtazama mtu. Alizungumza akiwa ametugeuzia mgongo, mikono kwenye vitufe, kioo amekiinamisha kuelekea upande wa mama yule. Nikaweka kidole. Tukangoja.

"Inasema nini?" mama wa Dar es Salaam akauliza.

"Sawa," akasema mkwe wangu. "Imetoka kama ilivyoingia."

Lakini mama yule alikuwa mtu wa macho. Neno halikumtosha. Akainua kioo, akakigeuza wote waone, na pale nikatokea, mkubwa kuliko nilivyo, kichwa wazi, mdomo umeachama kidogo kwa woga, kila kunyanzi na mahali pake. Nikijitazama nilijiona kama mtu aliyevuliwa nguo njiani. Vijana wakashusha macho. Mashine haikuwa imepoteza kitu, nami ningetamani ipoteze hata nusu.

Mkwe wangu alibaki na kazi. Magari yalipokuja, nilisikia kuwa yeye ndiye aliyeomba pawekwe pazia, na mwanamke akae kwenye kamera, kwa sababu miongoni mwa waliotoka Burundi walikuwepo kina mama waliosimama foleni moja na wakwe zao, nao wana mwiko kama wetu. Hakuna aliyeniambia kwamba ni kwa ajili yangu. Mjukuu akazaliwa. Mkwe wangu alileta kitenge kipya na mbuzi, kwa desturi ya kwetu ya kuondoa kilichotokea, akavifunga nje na kukohoa, nami nikavipokea aliposhaondoka. Kile cha zamani sikukivaa tena. Nilimpa jirani.

Sasa mimi ni mzee na mkwe wangu ana mvi. Anakuja, anakohoa, tunasalimiana kupitia mlango. Wajukuu wanashangaa, wananipiga picha kwa simu zao bila kuniuliza na kumpelekea baba yao. Sijui kama anazifungua.

Kuna jambo moja tu linanisumbua. Mimi nakumbuka kwamba kioo kilipogeuzwa, mkwe wangu alikuwa ameelekea ukutani, ukuta wa mawe usio na kitu, na kwa hiyo hakuniona. Hivyo ndivyo nilivyolala miaka yote hii. Lakini jirani yangu, kabla hajafariki, aliniambia kwamba upande ule hapakuwa na ukuta mtupu, palikuwa na dirisha la vioo, na nje mawingu yalikuwa meusi, kwa hiyo vile vioo viliakisi, na mtu angeweza kuona humo kila kitu cha nyuma yake. Ghala limebomolewa, siwezi kwenda kutazama. Wako walio hai waliokuwepo siku ile. Kama neno la mtu nimelishika vibaya, au nimemweka mtu mahali asipokuwepo, njooni mnirekebishe, mlango wangu mnaujua. Na lile la dirisha pia, kama lilikuwepo, niambieni. Ila msiniambie mbele ya mkwe wangu.